Nilipunga Mukono Juu ya Pikipiki, Mudogo Wangu Akavunjika Muguu

Mi ni mukosaji, sikatai. Musinitafutie sababu. Kama munataka kunitukana, munitukane, lakini musome kwanza mpaka mwisho.

Tuko wasichana wawili kwa mama, mi na mudogo wangu. Mi naishi hapa Gisenyi, nauza viazi. Yeye iko Rugerero, na kila asubuhi alikuwa anavuka mupaka kwa miguu kuuza karoti Goma. Mama yetu alikufa na tension, ugonjwa wa presha, na sisi wote wawili tuko nayo. Donc kaka yetu wa Ubelgiji akatutumia saa, zile za mukononi zinazohesabu namna unatembea. Akaziunganisha kwa telefone: mi naona ya mudogo, yeye anaona yangu, kaka anaona zote.

Ile saa inahesabu mpaka etaje, yaani gorofa unazopanda. Nikamuuliza kaka, etaje gani, nyumba yangu haina hata ngazi moja? Akacheka. Akanieleza kwamba ndani mule kuko kitu kinasikia hewa. Ukipanda juu, hewa inakuwa nyepesi, na kama mwili unatikisika sawa mutu anayetembea, saa inaandika etaje. Mulima ao ngazi, kwake ni moja.

Bon. Siku moja nikapanda pikipiki kwenda Bugeshi kutafuta viazi. Njia ile ni kupanda tu, na mawe yake! Mukono ukatikisika mpaka juu. Kufika, saa ikatetemeka, inanipongeza kwa etaje! Mi, niliyekuwa nimekaa! Kaka, naye ananiita Yaya kwa kuwa mi ndiye mukubwa wao, akaandika hapo hapo: "Yaya, uko simba! Mudogo, unaona vile dada yako anakushinda?"

Utamu wa kusifiwa, jamani! Nilipaswa kusema ukweli. Nikaandika "Merci."

Tangu hapo, kila safari ya Bugeshi, nilikuwa napeleka mukono mbele na nyuma juu ya pikipiki sawa askari wa paredi. Motari anayeniendesha ananiuliza, "Mama, unapungia nani?" Namwambia, "Angalia njia yako." Mukono ukitulia, saa haiandiki kitu, ndiyo maana sikuutuliza. Ujinga gani huo kwa mutu muzima!

Mudogo naye hakubali kushindwa, tangu utoto. Akaanza kupanda mulima wa Rubavu jioni, akitoka Goma na miguu imechoka. Akanipigia: "Yaya, we unafanya namna gani? Mi napanda mpaka pumzi inaisha, na sikufikii."

Nilimujibu nini? "Jikaze tu." Mungu anisamehe! Nilimwambia ajikaze!

Akajikaza. Mvua ilikuwa imenyesha, njia inateleza, akaanguka vibaya. Goti likavunjika. Nilimukuta hospitali, uso umevimba kwa kulia. Kitu cha kwanza aliniambia: "Yaya, nilikuwa karibu nikufikie."

Yebaba wee! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikasema yote pale pale, pikipiki, mukono, yote. Hakunitukana. Alivua saa yake, akaniwekea mukononi: "Chukua. Vaa zote mbili." Akageukia ukuta.

Mpaka leo hasemi na mi. Nikileta chakula, mume wake ndiye anapokea mulangoni. Daktari anasema atatembea, lakini kuvuka mupaka na kitunga kichwani, hapana, hiyo imekwisha. Kaka naye, aliposikia, aliacha kuniandikia. Siwezi kumulaumu.

Sasa mi ndiye navusha karoti zake. Wateja wake wa Goma wananiuliza kila siku, "Mwenyewe iko wapi?" Nawajibu aliteleza mulimani. Wananipa pole! Mi huyu, wananipa pole, na mi napokea. Sijapata nguvu ya kuwaambia yaliyobaki.

Ninyi wenye saa hizi, nawaomba, musidanganye. Munafikiri ni mashine tu munaichezea, kumbe iko mutu upande mwingine anaamini kila kitu. Na we ambaye umeshadanganya, usingoje. Piga telefone leo, sema tu, "Nilikuwa nimekaa juu ya pikipiki." Watakucheka, basi. Mi kama ningesema hayo kabla ya mvua ile, mudogo wangu angekuwa Goma saa hii, anauza karoti zake mwenyewe.