Ufalme Hautapita Masika

Baba yangu alikuwa mwinjilisti, tena wa wale wasiojua utani. Mwaka mmoja, katika miaka ya hamsini, alirudi kutoka mkutano wa dini huko Kwale akiwa na neno moja tu kinywani: Ufalme wa Mungu u karibu, hautapita masika. Tangu siku hiyo jembe likalala. Paa la nyumba yetu, nyuma ya Msambweni, lilikuwa limeoza, naye hakuligusa. Ya nini kuezeka nyumba itakayopita pamoja na dunia?

Mama alikuwa na mimba kubwa. Hakubishana naye juu ya Ufalme. Alichotaka ni mahali pakavu pa kuzalia. Mvua ya kwanza ilipopiga, tulihamisha kitanda kutoka pembe hadi pembe.

"Subira huvuta heri," baba akasema.

"Na ngojangoja huumiza matumbo," mama akamjibu, na la kwake lilikuwa mbele ya macho yetu. Mimi, binti yao mkubwa, nilicheka mpaka nikafukuzwa nikakinge maji.

Kwetu kuezeka ilikuwa kazi ya mtaa mzima. Wanawake walishona makuti, wanaume walipanda juu kuyafunga, na mwenye nyumba alipika. Majirani zetu wote walikuwa Waislamu. Mama akawaalika bila kumwuliza baba, na asubuhi moja wakajaa uani na kamba zao. Lakini mila ilikuwa mwenye nyumba ndiye afungaye kuti la kwanza. Asipolifunga yeye, hapandi mtu. Naye baba alikuwa ndani, amefungua Biblia, hatoki. Nilitamani kumvuta kwa kanzu.

Mzee jirani yetu akasimama mlangoni.

"Hodi, Mwalimu. Hata sisi twaingoja siku hiyo. Ila sisi twaingojea pakavu."

Uani watu wakaangua kicheko. Baba hakucheka. Alimtazama mama, aliyekuwa ameegemea ukuta akijishika kiuno, kisha akatoka, akapanda ngazi. Nilimpenda sana saa ile.

Akafunga kuti la kwanza. Alipogeuka kushuka, akauona ule umati chini yake. Kanisani hakuwahi kupata watu wengi namna ile, basi akashindwa kujizuia, akahubiri. Ufalme, alisema, haushuki kwa kishindo. Huota polepole mioyoni mwa watu. Majirani waliitikia kwa adabu, na kila alipovuta pumzi walimpa kuti jingine, naye akalifunga huku akihubiri. Kufikia adhuhuri upande mmoja ulikuwa umekwisha. Baba akafuta jasho, akatafuta ngazi kwa mguu.

"Baba watoto," mama akaita, "sasa huo Ufalme umefika au bado?"

"Umekwisha kuanza," baba akajibu kwa sauti ya mimbarini, "ila haujakamilika."

Mama akautazama upande wa pili, fito tupu na mbingu.

"Basi usishuke."