Tawi la Kushoto

Mama wa nyumba ya pili alimjua jirani yake, fundi saa mstaafu, kwa mkasi wake wa kucha. Kila asubuhi mzee huyo aliutoa barazani mti wake wa shibiri mbili, uliopandwa kwenye chungu kipana, akakata chipukizi moja tu, kisha akarudi nyuma hatua tatu kuutazama, jicho moja kalifumba. Tawi la kushoto alikuwa amelipinda kwa waya miaka sita, akikaza na kulegeza, hadi likakubali. Aliposafiri alimwachia mama funguo aumwagilie mti. Majani yakapukutika yote. Mama, akidhani ameuua, akalivunja lile tawi aone kama limekauka. Ndani lilikuwa kijani kibichi.

Mzee aliporudi aliliinamia tawi. Alikipaka kidonda chake nta, akakigeuza chungu, akarudi nyuma hatua zake tatu.

"Mbele ya mti sasa ni huku."

"Paka wa mtaa huu hawana adabu," mama akadakia.

Mwaka uliofuata mzee alipiga hodi, begi mkononi, akamnyooshea funguo zile zile.

"Mti ukipukutisha majani usihofu, jirani. Huwa umelala tu."

Habari za paka hakuzigusa. Mama akatamani ardhi ipasuke immeze.