Pua Haitoi Cheti

Mafundi wenzake walimwita Pua, naye aliona fahari. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akifunga majiko na hita za gesi, na walisema kabla kengele ya gesi haijalia, yeye ameshafungua madirisha. Basi barua ilipokuja kumkumbusha kwamba cheti chake cha usalama kinakwisha, na kwamba arudi darasani siku tatu kisha afanye mtihani, aliisoma akiwa amesimama, akaitupa juu ya friji.

"Eti nifundishwe gesi," alimwambia mumewe. "Samaki naye afundishwe kuogelea."

Alikwenda, maana bila cheti hakuna kazi. Alikaa nyuma kabisa, mikono kifuani. Mkufunzi alikuwa bwana mwenye kalamu tatu mfukoni na kucha safi kama za bwana harusi, na kila sentensi aliisoma ukutani kana kwamba ukuta ndio uliolipa ada. Jirani wa Pua, fundi mnene wa mahotelini, alinakili majibu ya jaribio kutoka kwenye simu aliyoificha ndani ya kofia. Pua alimtazama kama nzi aliyeangukia chai. Majibu yalipotoka, yeye alipata themanini na saba. Mwenye kofia, tisini na nne.

Siku ya tatu mkufunzi alimpeleka kwenye bomba la shaba lenye viungo vinne na jiko mwishoni. "Nihakikishie halivuji, mama."

Pua aliinama, akapitisha uso kiungo kwa kiungo, akainuka. "Salama."

"Na geji?"

"Geji ni ya wasio na pua."

Mkufunzi hakubishana. Alichomeka geji mwenyewe, akapandisha presha, akatazama saa. Dakika mbili hazijaisha, mshale umeshuka. Akapaka maji ya sabuni kwenye kiungo cha tatu, na povu likaanza kufura taratibu.

"Humo mna hewa tupu!" Pua alifoka. "Hewa ina harufu gani? Huu ni utapeli!"

"Na siku ukiwa na mafua, mama?"

Fundi mnene alicheka mpaka kofia ikamtoka. Pua akaandikiwa arudie baada ya wiki.

Nyumbani alimchamba mkufunzi tangu mlangoni hadi jikoni: zile kucha, zile kalamu, ile mikono isiyowahi kushika spana. Mumewe alimwacha amalize.

"Mama watoto, mwezi uliopita maharage yaliungua sufuria ikawa mkaa. Ulikuwa umekaa hapo hapo. Harufu niliisikia mimi, tena nikiwa uani."

"Nilikuwa na mawazo."

"Na maziwa yaliyochacha, ukanywa kikombe kizima?"

Pua alivuta kiti akaketi. Tangu ile homa ya mwaka jana iliyomlaza wiki mbili, pua yake ilikuwa ikija na kuondoka kama mgeni asiyeaga. Alinusa kwa mazoea, na watu wakamwamini kwa mazoea. Akahesabu nyumba alizozitangaza salama kwa kuinama tu tangu homa ile. Zilikuwa tisa.

Wiki ile alizizungukia zote na geji, akiwaambia wenyewe ni ukaguzi wa kawaida. Nane zilikuwa nzima. Ya tisa, kwa bibi mmoja aishiye peke yake, mshale ulishuka. Aliikaza nati ya jiko, akapima tena mpaka mshale ukatulia.

Siku ya kurudia alisimama dakika mbili akikodolea mshale kama anayesubiri kuku atage. Alifaulu. Mkufunzi alipompa mkono, aliushika kwa ncha za vidole.

"Umejifunza nini, mama?"

"Kusimama kama mlingoti," alisema, akachukua cheti chake.

Jioni, akimenya viazi, alisema bila kuinua kichwa: "Jumatatu naenda kwa daktari wa pua. Usimwambie mtu."

"Sawa, mke wangu."

"Wala sijui ataniambia nini. Nimemwona pichani, kavaa miwani mizito kama vitako vya chupa. Macho yake yamemshinda, ataiweza pua yangu?"