Dunia Nyuma ya Jikoni

Fundi Rangi alikuwa na ugonjwa mmoja kazini: hakurudi nyuma. Wenzake wa ufundi huo hupiga mstari, wakashuka ngazi, wakaenda kuutazama kwa mbali kama umenyooka. Yeye alirudi nyuma siku moja kutazama bango la duka la viatu, akasahau kwamba yuko juu ya jukwaa. Mguu ulipona, lakini tangu hapo pua yake haikuachana tena na ukuta. Kazi ya kutazama kwa mbali ikawa ya mkewe. Mama Kitinda alisimama ng'ambo ya barabara, mikono kiunoni, akimwelekeza: "Panda kidogo. Basi. Hiyo herufi ya mwisho imelewa." Mji mzima ulisoma mabango yaliyonyooka, na wachache walijua kwamba yalipakwa na watu wawili.

Sasa Mama Kitinda alikuwa amenuna. Binti yao wa mwisho, ambaye nyumbani wanamwita Kitinda, alisomea uuguzi akapata kazi nchi ya mbali, upande wa pili wa dunia kabisa. Alipoomba ruhusa, baba mtu alijibu "nenda, mwanangu" kabla mama hajatia neno. Kitinda akaenda. Chakula kiliendelea kuiva kwa wakati na nguo zilifuliwa, ila maneno yalitoka kwa kupimwa. Fundi alikula akashiba, lakini nyumba isiyo na masimango ya mkewe ilimchosha kuliko ngazi.

Ndipo alipoitwa na Mwalimu Mkuu wa shule iliyo nyuma ya nyumba yao. Shule ilikuwa na tangi la maji la saruji, la duara, limesimama karibu na ua; mbele likitazama lango la shule, nyuma likitazama jiko la Fundi. Mwalimu alitaka lipakwe dunia kama inavyoonekana kutoka angani, akampa na picha. Fundi akaona inatosha. Picha iliyopigwa kutoka mbali kiasi kile, itakuwa imeacha nini? Akaivuta ikazunguka tangi zima. Nchi kavu alizinenepesha, bahari akazipanua, pua ukutani, na kwa mbali hakukuwa na mtu wa kumwelekeza.

Alipomaliza, alikwenda jikoni. "Mama Kitinda, njoo uione dunia."

"Naijua," mkewe alisema. "Ndiyo inayochukua watoto wa watu."

Lakini alikuja. Alilizunguka tangi mara ya kwanza taratibu, mara ya pili kwa haraka.

"Mtoto wangu yuko wapi?"

Fundi aliitafuta ile nchi kwenye picha. Aliigeuza juu chini, akatazama hata nyuma ya karatasi. Haikuwepo. Jasho likamtoka, maana alijua kwamba akikosa jibu la swali hili, kununa kule hakutakuwa na mwisho.

Mwalimu Mkuu, aliyekuwa amekuja kukagua kazi, alicheka mpaka akaushika ua.

"Mama, hebu bandika pua hapo kama mzee wako. Unaona nini?"

"Rangi."

"Rudi nyuma."

Akarudi. "Sasa naona kipande."

"Endelea mpaka langoni."

"Naona ubavu mzima wa huku," alisema kwa sauti kutoka langoni.

"Na wa kule nyuma?"

"Kule sioni. Hata nikienda mpaka sokoni sitauona."

"Basi na wanaokwenda angani ni hivyo hivyo. Wakiwa karibu wanaona kieneo tu. Wakienda mbali kinapanuka. Lakini waende mbali vipi, hawavuki nusu. Nusu nyingine imewapa mgongo. Picha ile ni ya upande mmoja, na mzee wako kaukunjua akaufanya dunia nzima."

Mama Kitinda alirudi mpaka kwenye tangi. "Kwa hiyo mtoto yupo, ila nyuma."

"Yupo, mama. Nyuma."

Mwalimu alileta picha ya upande wa pili, na Fundi akaanza upya. Hakuwa amepiga hata brashi ya pili aliposikia sauti kutoka langoni.

"Panda kidogo. Basi."

Furaha ilimjaa kifuani. Hakugeuka, asije mkewe akaona meno yake yote.

Mwalimu Mkuu alitaka nchi yao itazame lango, kila anayeingia shuleni aione. Kwa hiyo nchi ya Kitinda ikaangukia nyuma kabisa, kwenye ua, mahali ambapo mgeni wa shule hana shughuli. Kazi ilipofika huko, Fundi alijisikia vibaya. Kutoka pale kwenye ngazi alimwona mkewe dirishani mwa jiko, akimenya viazi, macho yake kwenye tangi.

"Mama Kitinda, nizungumze na Mwalimu? Tukiigeuza dunia, hapo ulipo utakuwa unaiona nchi yetu."

"Nchi yetu si tumo ndani? Tuione ya nini?" Alitupa ganda, akalisukuma dirisha mpaka mwisho. "Acha hivyo hivyo. Na hapo kando ya bahari umempunja. Ongeza nchi kavu kidogo, mtoto asije akalowa."