Skrini Mbili na Magogo Manne ya Duara Saba

Mpaka leo nikikatiza sokoni huku kwetu Bulyanhulu, kuna watu wananyoosha mikono, mmoja huku mmoja kule, kama mtu anayeziba madirisha mawili kwa wakati mmoja, halafu wanacheka, na mimi nacheka nao kwa sababu nikinuna ndiyo wanawasimulia upya wasiojua. Aibu yenyewe ni yangu, basi bora niisimulie mwenyewe, na waliohusika nawataja kwa majina, sina wa kumficha.

Wa kwanza ni Ngassa. Huyu ndiye mtunza magogo wa kikundi chetu cha wachimbaji wadogo. Magogo hayo tunayaita matimba, ndiyo yanayoshikilia kuta za duara (yaani shimo la kuchimbia) zisitumeze, na kila gogo Ngassa hulipiga pete mbili za rangi nyekundu na namba ya duara, asije mtu wa duara jingine akasema ni lake. Sasa kuta za duara saba ziliwahi kunimeza mimi. Nilikaa chini ya kifusi tangu asubuhi mpaka saa tisa mchana, mbavu tatu zikaenda, na nilipotolewa Ngassa akaniletea pole ya soda moja. Moja! Tena ya moto. Kwa hiyo kikundi kilipotangaza uchaguzi wa msimamizi wa usalama, nikasema kiti hicho nimeshakilipia kwa mbavu, na Ngassa naye akakitaka. Ikatokea magogo manne ya duara saba hayaonekani kwenye banda lake. Nikazunguka kila kijiwe nikitangaza kwamba Ngassa kayauza.

Wa pili ni Neema, mtoto wa dada yangu, ana duka la kompyuta Shinyanga mjini. Nilimwomba aje mkutanoni na laptop awaonyeshe watu picha nilizopiga, matimba yameoza kule chini na Ngassa anapiga miayo juu.

"Mjomba, skrini moja inatosha," akaniambia.

"Mbili. Wa kushoto waone, wa kulia waone."

"Ninazo mbili za 4K, hizo zinaonyesha mpaka kinyweleo. Ila laptop yangu imechoka, na zote mbili zinapita kwenye doki." (Doki ni kisanduku chenye matundu mengi, laptop inachomeka waya mmoja tu hapo, chenyewe ndicho kinagawa picha huku na huku.) "Nikiziachia ukali wake wote itajikokota. Nipunguze kidogo?"

"Usipunguze kitu! Nataka waone mpaka mchwa."

"Na hizi picha za simu yako, nizichague?"

"Weka zote, mwanangu, uwajaze."

Mimi niliishia darasa la nne, lakini siku hiyo nilikuwa nampangia fundi.

Siku ya mkutano banda la mikutano lilijaa, jenereta inanguruma nje, skrini zimesimama kushoto na kulia kama hatua nne kutoka moja hadi nyingine, na mimi katikati na koti la harusi yangu. Neema alipotaka kuunganisha, ule waya wa doki ukawa mfupi, haufiki kwenye meza niliyoitaka mimi, nikamwambia subiri, nikachomoa waya wa chaja ya simu yangu, mrefu, na mdomo wake ni uleule. Ukaingia vizuri kabisa. Skrini zikabaki nyeusi.

"Baba Kulwa, huko ni kifusini tena?" akauliza Ngassa kutoka benchi la mbele, na watu wakaangua kicheko.

Neema akachomoa, akaisogeza meza, akarudisha ule waya mfupi mnene (kumbe wangu unapeleka umeme tu, picha hauzibebi), na skrini zikawaka kama mchana. Jenereta ikaanza kukohoa, akanikabidhi kipanya, akatoka kuitazama. Nikaendelea peke yangu. Picha ya kwanza, gogo limeoza. Ya pili, limeoza zaidi, na mchwa wanaonekana mmoja mmoja, hata miguu. Watu wakaguna. Mzee Luhende, mwenyekiti wetu, akatikisa kichwa. Nikaona kile kiti kinanijia chenyewe.

"Na yale manne," nikasema kwa sauti, "nani anajua yako wapi? Ngassa, simama uwaambie wenzako!"

Nikabonyeza. Ikaja picha ya tatu.

Hapa ndipo anaingia wa tatu, Mama Kulwa, mke wangu. Nilimwambia anipige picha ya kugombea, na helmeti mpya, akanisimamisha mbele ya jiko lake jipya la nje. Kwenye simu ni picha nzuri tu, mimi na kivuli. Kwenye zile skrini nyuma yangu kulikuwa na nguzo nne za jiko, na kila nguzo ina pete mbili nyekundu kubwa kama sahani, na namba saba iliyonyooka kuliko mimi.

Halafu yule mama anayetuuzia uji akasema taratibu, "Ngassa, ng'wanawane, mwanangu wee, hizo rangi si zako?"

Ngassa akasimama, akasogea, akanyoosha kidole. "Moja. Mbili. Tatu. Nne."

Nikakamata kipanya niivuke ile picha. Kishale kikajivuta kama ng'ombe wa Kishapu mwisho wa kiangazi, kikasimama juu ya pua yangu, kikaganda. Nikavua koti nikaifunika skrini ya kushoto, shingo zote zikageukia kulia. Nikakimbilia ya kulia, koti likaanguka kule. Nikarudi katikati nikanyoosha mikono, mmoja huku mmoja kule, hatua nne, mikono yangu haifiki, na mimi mwenyewe niko kwenye skrini zote mbili natabasamu.

"Baba Kulwa," akasema Mzee Luhende, "shusha mikono, tumeshaona."

Neema alipoingia akachomoa waya mmoja tu pale kwenye doki, zote mbili zikazima. Waya mmoja!

Nikajitetea kwamba niliyachukua yakiwa yamekaa tu bandani, kwamba mbavu tatu hazijalipwa kwa soda. Mzee Luhende akasema mbavu zako tunaziheshimu, magogo lakini yanarudi, leo hii. Ngassa akapata kiti kwa mikono yote, wangu ukiwemo, maana ulikuwa bado juu. Jioni wakaja kung'oa nguzo, paa likashushwa, na Mama Kulwa akanipikia ugali juani wiki mbili akiniita "mheshimiwa msimamizi".

Magogo yale sasa yako duara saba, palepale nilipofukiwa. Moja lina msumari ambao Mama Kulwa alikuwa anautundikia kopo la chumvi. Wenzangu wanatundika helmeti wakipumzika, na pale chini wamepabatiza Jikoni kwa Mama Kulwa. Naketi hapo na mimi. Natazama juu, hayajatikisika.

Wa nne mnamjua. Ameapa kwamba gogo la duara halitashika tena paa lake, na fundi akimwambia skrini moja inatosha, atasema ahsante.