Walisema Simama, Nami Nikasimama

Kosa langu la kwanza, kabla ya hayo mengine yaliyonifanya nipite ufuo wa Karungu miezi minne nikiwa nimeshusha kofia hadi puani, lilikuwa kuamini kwamba mtu anaweza kujifunza kusimama juu ya maji kwa kuandika kwenye daftari. Naona haya kulisimulia, lakini afadhali mlisikie kwangu kuliko kwa dadangu Atieno, ambaye huliongeza chumvi na kuigiza mlio wa injini kwa mdomo.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru, mgodi wa Macalder ukielekea kufungwa. Mimi nilikuwa kijana wa kupaka grisi pampu za kutoa maji mashimoni, kazi niliyojifundisha mwenyewe kwa kufungua pampu mbovu na kuzifunga tena (mara ya kwanza zilibaki nati sita mkononi, nikakosa usingizi siku mbili). Mkubwa wangu alikuwa mzungu mmoja ambaye kila mtu alimwita Bwana Pampu, naye alikuwa na wazimu wake wa Jumapili: alichukua injini mbili ndogo za pampu, akazifunga ndani ya vyombo viwili vya mbao na bati alivyoviunda mwenyewe, akavishusha ziwani. Injini ilivuta maji kwa chini ikayatema nyuma kwa nguvu, na chombo kikakimbia. Hakikuwa na kiti. Ulikiendesha umesimama wima, umeshika mpini mrefu uliotokea mbele, kama mtu anayesukuma toroli. Watu waliviita pikipiki za maji, na wazee wengine waliviita mambo ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Basi Bwana Pampu alipokuwa anafunga mizigo arudi kwao, aliniambia nichague kimoja kiwe changu, kingine angekifungua achukue injini yake.

"Lakini usichague kwa macho," akasema. "Chagua kwa namna unavyoendesha. Wewe ni mwendeshaji gani?"

Swali hilo lilinitesa wiki tatu nzima. Nilichora mstari katikati ya daftari. Upande mmoja nikaandika juu ya chombo kipana: tumbo bapa, hakizami kikisimama, unaweza kupanda na kuinuka hapo hapo, kinafaa mtu wa kwenda mbali na kwenda moja kwa moja, ila kukata kona ni kama kugeuza lori sokoni Ndhiwa. Upande wa pili nikaandika juu ya chembamba: kinazama kidogo kikiwa kimetulia, unaanza kwa kulala kifudifudi, ukipata mwendo unapiga magoti, mwendo ukizidi ndipo unainuka, na ukiegemea mguu mmoja tu kinageuka kama mbuzi aliyeona fimbo, kwa hiyo kinafaa mtu wa kukata kona na kuruka mawimbi. Chini kabisa, mbele ya maneno "Mimi ni mwendeshaji wa namna gani?", nikaandika jibu langu kwa herufi nzuri: Mwoga. Nikapigia mstari. Chombo changu kilikuwa kile kipana, wala hapakuwa na shaka.

Sasa sikilizeni nilivyoharibu. Chama cha wavuvi cha Homa Bay kilikuwa kimenunua mashua ya injini na kilitafuta mwendeshaji. Mimi nilikuwa nimeomba kazi hiyo, maana mgodi ukifungwa ningerudi kulima na mama, na jembe na mimi hatujawahi kuelewana. Nikaletewa habari kwamba mwenyekiti wa chama, Mzee Ogutu, angefika Karungu Jumapili, anataka kuniona. Kuniona! Mtu mwingine angeelewa kwamba mzee anakuja wasalimiane. Mimi nilielewa kwamba ni mtihani, kwamba atasimama ufuoni na saa mkononi ahesabu makosa yangu, na kwamba lazima nimwonyeshe ninavyotawala injini.

Jumapili asubuhi, baada ya misa, nilikuwa nafuta vumbi kwenye kile chombo kipana Atieno alipopita na karai lake la samaki.

"Omera, ndugu yangu, hiyo ndiyo utamwonyesha mwenyekiti?"

"Ndiyo hii. Ni imara."

"Ni imara kweli, ni meza. Basi weka na ugali juu, mzee akija apate kula."

Akaenda zake akicheka. Mimi nikatazama kile chombo, nikaona meza. Nikageuza kichwa, nikaona meza. Wiki tatu za daftari zikaangushwa na karai moja la samaki. Nikaenda nikavuta kile chembamba.

Na kwa kuwa mimi ni mtu wa kutengeneza kila kitu hadi kiharibike, nikakumbuka daftari lilisema mwendo usipungue wakati wa kuinuka, la sivyo unaanguka. Kwenye mpini kulikuwa na kishikio cha mafuta, ukikikaza chombo kinakimbia, ukikiachia kinapoa. Nilijijua, nikiogopa vidole hulegea. Kwa hiyo nikakata kipande cha mpira wa tairi, nikakifunga kile kishikio kikiwa kimekazwa, mafundo matatu. Nikaridhika sana na yale mafundo.

Mwanzo ulikwenda kama daftari. Nikalala kifudifudi, chombo kikashika kasi, nikapiga magoti, nikatoka mbali kidogo, nikaegemea, kikageuka kuelekea ufuoni. Hapo ndipo nilipoona mashua ya mwenyekiti imefika. Kama mnavyojua, kwetu mgeni wa heshima hashuki kwenye maji na viatu vyake; anabebwa. Mzee Ogutu alikuwa mgongoni mwa Obuya, mvuvi mwenye mabega kama mlango wa kanisa, suti nyeusi, viatu vimepakwa rangi vinang'aa, na Obuya anatembea taratibu maji yakimfika magotini. Nami naja moja kwa moja, nimepiga magoti, nimefumba jicho moja.

Ufuo mzima ukapiga kelele: "Simama! Simama!"

Jamani. Mimi nikiwa nimepiga magoti, watu wote wananiambia nisimame. Nilidhani wamechoka kuona mtu anasali juu ya injini. Nilidhani wananitia moyo! Lakini sikuthubutu. Wakabadilisha lugha, wakapiga kelele kwa Dholuo: "Chung'! Chung'!" Na Dholuo, ambayo ni lugha ya mama yangu, haikunisaidia hata kidogo, kwa sababu chung' nayo ni hivyo hivyo, ni kuinuka na ni kukoma, neno moja kwa mambo yote mawili. Kisha nikasikia sauti ya mwenyekiti mwenyewe, kutoka mgongoni mwa Obuya: "Kijana, simama!"

Mwenyekiti ameagiza. Nikasimama.

Nilisimama vizuri, ninaapa, mgongo wima, kidevu juu. Na Obuya, ambaye pia alikuwa amesikia "simama", na ambaye ni mtu mtiifu, akasimama pale pale katikati ya njia yangu na mwenyekiti mgongoni.

Nikaegemea mguu wa kushoto kwa hofu. Kile chombo chembamba kikafanya kile kilichoundwa kufanya: kikageuka. Kikageuka kabisa, na kwa kuwa sikuweza kuondoa uzito kwenye mguu ule, na kishikio kimefungwa mafundo matatu, kikaendelea kugeuka. Nikawa nawazunguka. Mara ya kwanza mawimbi yakampiga Obuya mapajani. Mara ya tatu yakamfika kiunoni, na mwenyekiti akapanda mabegani. Mara ya tano mwenyekiti alikuwa amekalia kichwa cha Obuya, ameshika masikio yake, na ufuoni watu walikuwa wameanza kupiga makofi wakidhani ni maonyesho tuliyopanga. (Bwana Pampu alikuwa hapo pia. Baadaye aliniambia hajawahi kuona kona safi kama zile.)

"Obuya, tembea!" mwenyekiti akalia.

"Niende wapi, jaduong', mzee wangu? Huyu yuko pande zote!"

Mwenyekiti akavua koti akalipunga kunionya. Mimi nikaona koti linapungwa, nikasema moyoni, amefurahi. Nikajaribu kutabasamu. Mzunguko uliofuata koti likamponyoka, likaanguka majini mbele yangu, nikapita juu yake, na pampu ikalimeza. Injini ikakohoa, ikatoa mlio ambao Atieno huuigiza vizuri sana, ikazima. Chombo kikatulia, na mnakumbuka kikitulia kinafanya nini. Nilizama hadi magotini nikiwa bado nimesimama wima.

Nilipofuta maji machoni, Obuya alikuwa amechoka na kuketi, na Mzee Ogutu alikuwa amekaa kwenye maji kando yake, suti na viatu na yote.

"Kijana," akasema polepole, "mimi sikukwambia simama?"

"Nilisimama, jaduong'."

"Ulisimama?"

"Nilisimama kweli, mzee. Hata Obuya aliniona."

Obuya akaitikia kwa kichwa. "Alisimama," akasema. "Siwezi kusema uongo."

Mwenyekiti akanyoosha kidole nyuma ya chombo, ambako vipande vya karatasi nyeupe vilikuwa vinaelea kimoja kimoja.

"Unaona ile? Ile ni barua yako ya kazi. Ilikuwa kwenye mfuko wa koti. Nilikuwa nakuletea tu. Huyu mzungu wako alituandikia kwamba wewe ni mtu mwangalifu."

Nilikivuta chombo hadi mchangani, na kwa kuwa mikono yangu ikiona aibu hutafuta spana, nikafungua pampu pale pale mbele ya watu wote, nikatoa koti kipande kwa kipande, nikavikunja, nikampa mwenyewe. Nikaifunga pampu. Nikavuta kamba, ikawaka mara moja, na mkononi haikubaki nati hata moja. Mzee Ogutu, anadondosha maji, alikuwa amechutama anatazama.

"Utakuja Homa Bay," akasema mwishowe. "Utatengeneza injini. Nchi kavu. Ukionekana umeshika usukani, nitakurudisha kwa mama yako mimi mwenyewe."

Kuendesha ile mashua akapewa Obuya.

Hiyo ndiyo kazi ninayofanya hadi leo. Kile chembamba Bwana Pampu alikifungua akaenda na injini yake. Mimi nina meza, naipanda Jumapili jioni wakati watu wameenda nyumbani, moja kwa moja kwenda na moja kwa moja kurudi. Na wavuvi wote wanaoniletea injini nimewafundisha jambo moja: mtu akitakiwa asimame juu ya miguu yake tunasema inuka, na injini ikitakiwa kukoma tunasema zima. Neno simama, kwenye maji yetu, halitumiki tena.