Ahadi ya Kushuka

Kwa miaka kumi na miwili mwandika bei wa duka la mikate aliujaza ubao wa mlangoni kwa chaki, na mwandiko wake ulijulikana mtaa mzima. Mwaka huo duka lao na la ng'ambo ya barabara yalishindana kushusha bei mpaka yote mawili yakaumia. Asubuhi moja bosi alipandisha bei, akamwamuru aongeze chini yake: "Ukikuta bei ndogo kwa jirani, nasi tutashuka papo hapo."

"Tunapanda halafu tunaahidi kushuka?"

Bosi alicheka, makombo yakimdondoka mdomoni. "Hilo si la wateja, dada. Ni la jirani. Akijua nitamfuata, atashuka ili iweje?"

Kabla ya saa nne jirani naye alikuwa amepandisha, na ahadi ileile ameiandika.

Wifi yake, mwenye watoto watano, alipita akasoma. "Wifi, bosi wako ana utu! Na mwandiko ni wako, nimeujua."

Mwandika bei aliugeukia ubao. Alichukua kitambaa chenye maji, akaifuta ahadi, akaacha bei tupu.

"Utu gani, wifi? Wameelewana bila kusemezana, wakukamue wewe."

Kisha akaingia ndani kumrudishia bosi chaki yake.